Mama Mkwe wa Chuoni

Ubeti wa tatu haukuimbwa. Kodiani ilipiga mwanzo wake mara mbili, ikarudia mara ya tatu, na ukumbi mzima wa chuo kikuu kule Kampala ukangoja Mama Mkwe afungue kinywa. Alikuwa palepale jukwaani, kitambaa kichwani, kapu mkononi, gauni la maua lililoshonwa kwa pazia la bwenini. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka. Kisha kicheko kikakatika. Hiram Mathenge aliweka kapu chini akatoka kwa mlango wa nyuma, na tangu jioni hiyo ya Mei 1954 hakuna aliyemsikia akiimba.

Kikundi hicho cha nyimbo na maigizo kilikuwa cha wanafunzi wenyewe. Walitunga nyimbo zao, walishona mavazi yao na kugombana kwa namna yao, bila mwalimu wa kuwaamua. Wasichana chuoni walihesabika kwa vidole, na hakuna mzazi ambaye angekubali binti yake achekwe jukwaani, kwa hiyo wanaume ndio waliovaa magauni. Mathenge alikuwa amezaliwa kwenye shamba la mzungu nje ya Kitale, ambako marehemu baba yake alikamua ng'ombe, na alikua akicheza na watoto wa Kibukusu mpaka lugha yao ikamkaa mdomoni. Mama Mkwe wake alinung'unika, aliringa, akatafuta kasoro kwa kila kuku aliyeletewa. Likizo ya Desemba 1953 walipozuru Malakisi na Chwele, akina mama walishikana mabega kwa kicheko. Mmoja aliuliza yule mwanamke ni wa ukoo gani.

Malakisi ndiko barua ya dada yake Wangui ilikomfikia. Hali ya Hatari ilikuwa imeingia mwaka wa pili, na Wakikuyu wa mashamba ya Kitale walikuwa wakirudishwa kwao kwa nguvu, hata wale ambao huko kwao hawakuwahi kukuona. Mama yao, Wakonyo, alikuwa tayari ndani ya seng'enge karibu na stesheni. Jumamosi angepakiwa kwenye treni. Kibali cha Mathenge kilimruhusu kutoka Kampala hadi Bungoma, Kitale haikuandikwa. Akikamatwa huko, angepanda treni hiyohiyo, na masomo yangeishia hapo. Asipokwenda, hakujua angemwona mama yake tena lini, kama angemwona.

Kikundi kilikuwa na onyesho Kitale siku ya Ijumaa. Walubengo, mpiga kodiani, mwenyeji wa Chwele, ndiye aliyemwambia avae gauni lake na akae katikati ya lori pamoja na mizigo. Mathenge alisema huo ni wazimu.

"Wewe vaa, bana," Walubengo alisema. "Mimi najua watu wetu."

Kwenye daraja la Kamukuywa kulikuwa na kizuizi, na askari aliyeshusha watu mmoja mmoja. Walubengo alimtambua kabla lori halijasimama. Alikuwa Festus, kijana wa kwao, aliyeoa Malakisi mwaka juzi. Na kwa Wabukusu mwanamume hamtazami usoni mama wa mkewe, wala ndugu za huyo mama. Akikutana nao njiani, huiacha njia.

"Huyo mama amejifunika, ni nani?" askari aliuliza. "Ashuke."

"Festus, usiangalie huku," Walubengo alisema kwa sauti ya chini. "Ni mdogo wake mama wa bibi yako. Tumemtoa Malakisi."

Mathenge alikohoa kikohozi cha Mama Mkwe, kisha akauliza kwa Kibukusu, bila kumwelekea mtu, ni mkwe gani huyu anayeshusha wazee kwenye lori kama mbuzi wa soko.

Festus alikuwa amekwisha kugeuka. Aliinua mti wa kizuizi kinyumenyume, uso wake ukiutazama mto. "Mwambieni mama anisamehe," alisema. "Ati mtu angesema mapema, si ningekaa kule kwa majani."

Wenzake walicheka mpaka machozi, na Mathenge akacheka nao kwa maili moja au mbili. Kisha akatambua kwamba gauni lile halivuliki tena. Lingekaa mwilini mpaka arudi kupita pale pale.

Pale stesheni, wanawake wa mjini waliruhusiwa kuuza ndizi na uji kupitia seng'enge. Mathenge alinunua mkungu mdogo akajitwika. Mlinzi, Kipruto, alimtazama mara moja akampisha, lakini akabaki hatua mbili nyuma yake, bunduki begani, akimenya ndizi aliyojichukulia.

Wakonyo alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, jembe magotini. Wangui hakuonekana. Mathenge alichuchumaa. Neno moja la Kikuyu lingetosha, na Kipruto angelisikia.

"Mama, chukua ndizi," alisema kwa sauti ile ya jukwaani, Kiswahili chenye lafudhi ya Kibukusu.

"Sina pesa."

"Chukua tu."

Wakonyo aliinua macho. Mathenge alijiacha atazamwe. Alingoja kope za mama yake zishtuke, mkono uje mdomoni, kitu chochote. Wakonyo alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni mwenye huruma.

"Umetoka Bungoma wewe?"

"Ndiyo."

"Mimi niko na kijana yangu, anazunguka huko na watu ya nyimbo. Anaitwa Hiram. Ukimwona, mwambie asikuje Kitale. Asome. Utamwambia?"

Kipruto aliacha kutafuna.

"Nitamwambia," Mama Mkwe alisema, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa imefanyiwa mazoezi miaka miwili.

Wakonyo alimshukuru, akapokea ndizi tatu, akarudisha macho kwenye jembe.

Walirudi Jumapili kwa njia ileile. Festus aliliona lori kutoka mbali, akageuka kabla halijafika.

Mwezi Mei barua ya Wangui ilitoka Nyeri na kumkuta Mathenge chuoni, asubuhi ya onyesho. Mama ni mzima, aliandika, ila anauliza kila mara kama yule mama wa Bungoma alifikisha ujumbe. Jioni Mathenge alivaa gauni, akaimba beti mbili.

Wakonyo alifariki mwaka 1956. Mathenge aliomba kibali cha kwenda kumzika, akanyimwa. Sasa ni mwaka 1958, na yeye anafundisha hesabu Tororo, upande wa pili wa mpaka.