Fundi Aliyehama Mstari

Jumamosi tulikusanywa uwanja wa boma, hapa Tabora, kumchagua mtu wa kupokea malalamiko ya mji mzima dhidi ya makarani. Wagombea walikuwa wawili: mwalimu asiyeogopa mtu, na shemeji wa karani mkuu. Kura yenyewe ni kusimama nyuma ya umtakaye, mchana kweupe. Na anayepita kuhesabu mistari ni nani? Karani mkuu yuleyule!

Mstari wa mwalimu ulifika barabarani. Karani akamgusa bega kwa kalamu fundi cherehani mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee. Leseni yako inaisha lini vile?"

"Marahaba, mwanangu. Mwezi huu."

"Haya. Nimekuona."

Fundi akatazama viatu vyake, kisha akahama. Mstari mzima ukamfuata. Akabaki muuza asali mmoja, anapiga kelele: "Leseni yangu mimi wanayo nyuki!"

Wiki nzima nasikia fundi akitukanwa kila baraza, eti mwoga, eti ameuza mji. Mkome! Nilikuwa nyuma yake palepale. Sina leseni, sikuguswa bega, wala sikuulizwa neno. Nami nilihama.