Bunduki Iliyokataa Kulia

Saa tatu asubuhi, soko la Darra Adam Khel, mji wa milimani wa mafundi bunduki, limeshachangamka, na fundi Jandad Afridi bado hajampa mkono mgeni wake. Ameketi kwenye mkeka mbele ya jiliwa la kubania vyuma, miwani imemshuka puani, na bunduki aliyoletewa ikiwa imeviringishwa kwenye shuka anaikagua kama mtu aliyeuziwa dawa barabarani.

"Umeitoa wapi?" anauliza.

"Ya babu."

"Kila mtu hapa ana babu aliyemnyang'anya Mwingereza bunduki. Waingereza wenyewe hawakuwa wengi hivyo. Nimekuuliza umeitoa wapi."

Mgeni anacheka. Jandad hacheki. Anafungua bunduki, anaielekeza mlangoni penye mwanga, anachungulia ndani ya mtutu, kisha anaigeuza na kupapasa chini yake kwa kidole gumba, akitafuta kitu. Hakipati. Hapo ndipo anapotoa mkono na kuagiza chai ya kijani.

Jandad ana umri wa miaka sitini na mitatu. Kazi hii aliirithi kwa baba yake, Torsam, aliyeirithi kwa baba yake. Bunduki anazozishughulikia ni nakala za Martini, ile ya risasi moja moja ambayo askari wa Kiingereza walipanda nayo milima hii enzi za malkia wao. Mafundi wa Darra waliitazama mara moja, wakaenda zao kuitengeneza upya kwa tupa na nyundo, mpaka mihuri yake.

Leo hakuna anayekwenda vitani na Martini. Hutundikwa ukutani kwenye baraza la wageni, ikateremshwa siku ya harusi ilie kidogo, ikarudi ukutani. Ikigoma kulia, ndipo Jandad anapotafutwa.

Kazi imepungua. Duka la kushoto kwake siku hizi linauza simu, na la kulia, lililokuwa la marehemu fundi wa vitako vya bunduki, ni la kuku wa Spin Gul. "Kuna wiki napata ya unga, kuna wiki Spin Gul ananikopesha mayai," anasema Jandad. "Lakini sipokei kila bunduki. Tangu ile ya Lajbar Khan, naiangalia kwanza bunduki, halafu namwangalia aliyeileta, halafu naiangalia tena bunduki."

Ilikuwa mwaka jana, msimu wa kupukutisha kokwa za jozi mitini. Lajbar Khan, mkulima wa upande wa Orakzai, aliegesha pikapu yake mbele ya duka, akashuka na Martini nzuri kuliko zote ambazo Jandad alikuwa ameziona kwa muda mrefu. Kitako kilikuwa cha mti wa jozi, na mtutu ulivishwa mkanda mpana wa fedha, wenye nakshi, karibu na pale risasi inapokaa.

"Haitaki kulia," Lajbar alisema. "Ukivuta kifyatulio inasema ta, basi."

"Nani mwingine ameigusa?"

"Hakuna. Ilikuwa ukutani tangu nikiwa mdogo."

"Unaitaka lini?"

"Ijumaa. We rekebisha ilie tu, fundi. Mtutu usiuguse."

Jandad aliinua macho. Watu humwambia asiguse kitako, kwa ajili ya nakshi, au asifute kutu ya mahali fulani kwa sababu ndipo babu alipokuwa akishika. Mtutu hakuwahi kukatazwa.

Alipokwisha kunywa chai, Lajbar alieleza bila kuulizwa. Yeye na binamu yake, Mazub, walikuwa wamegombania chemchemi moja kwa miaka, na mwaka ule nusura wauane. Jirga, yaani baraza la wazee, lilikaa na kuamua maji yagawanywe, na kila upande utoe kitu chake cha heshima. Mazub atachinja kondoo. Lajbar atatoa bunduki ya marehemu baba yake, na siku ya mapatano Mazub ataipiga hewani mbele ya watu.

Pikapu ilipoondoka, Spin Gul, aliyekuwa akinyonyoa kuku huku masikio yote yakiwa upande wa pili, alichungulia dukani.

"Anampa binamu yake bunduki? Bure?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na mimi kesho natembea juu ya maji. Fundi, jihadhari na huyo."

Jandad aliifungua bunduki jioni ileile. Cha kwanza alichokiona kilimfurahisha: mwezi mchanga mdogo, uliochongwa chini, mahali ambapo mnunuzi haoni. Ilikuwa alama ya Torsam. Baba yake ndiye aliyeitengeneza.

Cha pili hakikumfurahisha. Sindano inayoipiga risasi ilikuwa fupi. Kitu kilichochakaa huwa kimepondeka au kimekatika vibaya. Hii ilikuwa imekatwa kwa tupa, ikalainishwa vizuri. Kuna mtu aliifanya bunduki hii isilie, na alikuwa mtu anayejua kazi.

"Ningeweka sindano mpya, nikampa, yakaisha," anasema. "Ndicho alichotaka. Lakini ule mkanda wa fedha ulikuwa unanitazama."

Akauvua. Akausugua mtutu kwa mafuta ya taa, akaufuta mpaka ukakauka, akaupaka chaki, akasubiri. Polepole mafuta yaliyokuwa yamejificha yakatoka, na kwenye weupe wa chaki ukajichora mstari mweusi, mwembamba, wenye urefu wa kidole. Ulikuwa ufa. Chini ya mkanda wa fedha, mtutu ulikuwa umepasuka, na kupiga risasi kwa bunduki ile kulikuwa sawa na kujilipua usoni.

Jandad aliyapanga mambo kichwani. Mtu amesema mtutu usiguswe. Mtu anataka bunduki ilie. Na atakayeishika shavuni itakapolia ni adui yake.

Akaifunga bunduki kwenye shuka, akaenda duka la kuku.

Spin Gul alipoambiwa, aliweka kisu chini. "Mrudishie. Mwambie imekushinda. Usijitie kwenye damu ya watu."

"Nikimrudishia, kuna fundi mwingine mtaa wa pili ataweka sindano kabla ya adhuhuri."

"Basi utafanyaje?"

"Namsubiri."

Ijumaa Lajbar alikuja, kavaa kilemba kipya. Jandad hakumkaribisha kukaa.

"Ingekuwa wewe unaipiga bunduki hii," alimuuliza, "ungeipiga?"

"Swali gani hilo, fundi? Ningeipiga."

"Twende nyuma ukaipige. Risasi ninayo."

"Lete," alisema Lajbar, na akanyoosha mkono palepale.

Mtu mwingine angeridhika na mkono ule. Jandad hakuridhika. "Nikasema moyoni, huyu ni mjanja, anajua sitampa." Akamwonyesha ufa, na akamwambia wazi anachomdhania.

Lajbar alibadilika rangi. "Mimi ni mgeni wako. Unaniita muuaji nikiwa ndani ya duka lako?"

"Kwa nini ulisema mtutu usiguswe?"

"Kwa sababu Mazub anaujua mtutu ule tangu utotoni! Akiona mpya atasema nimembadilishia bunduki! Nipe mali ya baba yangu."

"Sikupi."

Walipigiana kelele mpaka kuku wa Spin Gul wakatulia. Lajbar akaondoka mikono mitupu, akiapa kwamba atarudi na watu wa ukoo wake.

Kesho yake pikapu ilirudi, lakini haikuwa na watu wa ukoo. Kwenye kiti cha mbele alikaa bibi kizee aliyejifunika shela nyeupe, mama yake Lajbar, Bibi Tajmina. Hakushuka. Aligonga kioo kwa pete, akamwita fundi dirishani.

"Wewe ndiye mtoto wa Torsam?"

"Ndimi, mama."

"Pua ni yake. Natumai ulimi si wake. Mwanangu amekuja nyumbani anatetemeka kwa hasira, anasema fundi wa Darra amemwita muuaji. Nikaangalia ukutani, bunduki haipo. Nikamuuliza, akaniambia ameipeleka kusafishwa! Nani alimwambia bunduki ile ilikuwa chafu?"

Akamgeukia mwanawe aliyesimama kando ya gari. "Jicho la baba yako halikutolewa na pembe ya ng'ombe kama tulivyokuambia, Lajbar. Lilitolewa na bunduki hiyo alipoipiga, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Aliona haya kusema."

Lajbar alikaa chini, kwenye ngazi ya duka la kuku.

Bibi akaendelea. Mumewe, jicho likiwa bado na bandeji, aliirudisha bunduki kwa Torsam, na Bibi aliandamana naye. Torsam aliutazama mtutu, akakiri kwamba chuma kilikuwa kibaya. Kilitoka kwenye kipande cha reli ya treni alichonunua kwa bei poa. Akaufunika ufa kwa mkanda wa fedha, bure, ili bunduki iwe na heshima yake ukutani. Akaikata sindano, ili isilie tena kamwe. Akaomba asiambiwe mtu.

"Nilimuuliza, na zile nyingine za reli hiyohiyo?" Bibi Tajmina alisema. "Akashika tupa yake. Nikamuuliza tena. Akaniletea sharubati."

Mtu aliyeikata sindano na kuuficha ufa, kazi ambayo kwa siku kadhaa Jandad aliidhania ya muuaji, alikuwa baba yake mzazi.

Hakumwomba Lajbar radhi. Alimpa chai, na Lajbar akainywa. Kwa watu hawa wawili hiyo ilitosha.

Akatengeneza mtutu mpya na sindano mpya, kwa chuma alichokikagua yeye mwenyewe. Akaifunga bunduki kwenye matairi nyuma ya duka, akavuta kifyatulio kwa kamba ndefu, tena na tena, akiupaka mtutu chaki kila mara. Mtutu wa zamani akaukata kwa msumeno katikati ya ufa, akautia kwenye mfuko.

"Mazub hataamini," Lajbar alisema.

"Hata mimi nisingeamini. Twende wote."

Kwenye jirga, Lajbar alisimama akasema yote, jicho la baba yake na hadithi ya ng'ombe. Jandad akavitoa vipande vya mtutu, vikapita mikononi mwa wazee. Mazub alivikodolea macho.

"Hadithi nzuri," alisema. "Nitajuaje kwamba mpya si mbovu zaidi? Piga wewe, fundi."

Jandad aliiweka bunduki shavuni mwake, akapiga. Mlima ukaitikia.

"Tena," alisema Mazub.

Akapiga tena.

"Sasa mpe binamu yangu."

Lajbar aliipokea. Kila mtu alimtazama, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mtu aliyepoteza jicho. Akafumba lake moja, akapiga. Ndipo Mazub alipoichukua bunduki ikiwa bado ya moto, akaibusu kitako, akaenda mwenyewe kumshika kondoo.

Maji ya chemchemi yanagawanywa mpaka leo. Lakini Jandad halali vizuri. Hajui baba yake alitoa mitutu mingapi kwenye reli ile. Kila Martini inayoingia dukani anatafuta mwezi mchanga kwanza. Moja ameipata, iliyoletwa kutoka Kurram, na mwenye bunduki alikasirika, akasema fundi anatafuta kazi kwa kumchafua marehemu.

"Labda ni kweli namchafua," anasema. "Alikuwa baba mzuri. Alituletea tikiti kila Alhamisi. Na huenda mara tuliyokula tikiti tamu kuliko zote ni mara ile aliyouza mitutu ya ile reli."

Mpango wake ni kupanda milima ya Tirah kabla ya theluji, nyumba kwa nyumba, aombe kuteremshiwa bunduki ukutani. Mkewe, Bakhtawara, anamwambia watamdhania mwizi.

"Wanidhanie tu," anajibu. Ameshamwomba Spin Gul amwangalizie duka, na ameshanunua viatu.

"Harusi kule zinaanza mavuno yakiisha," anasema. "Nataka nifike kabla ya ngoma."