Jumamosi Ambayo Mtandao Ulilala

Jumamosi iliyopita Yuzneti ilinigomea tena. Ni ile huduma ya zamani ya makundi ya majadiliano, ambako watu huandikiana maneno matupu bila madoido, na mimi bado naipenda. Katikati ya wiki inakimbia vizuri. Wikendi ikifika inaanza kukokota, halafu inazimika kabisa. Wenzangu kwenye makundi hulalamika. Mimi, rafiki yangu, nilipika chai nikakaa nje ya nyumba yangu hapa Voi, mawazo yakanirudisha utotoni.

Nililelewa na nyanya yangu kule Mbololo. Mama alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani nikiwa bado sijajua kutembea. Kila Jumamosi, tukishachota maji na kuwakatia mbuzi majani, nyanya alijifunga leso safi tukashuka mjini kuongea na Mama kwenye saiba, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, lililokuwa karibu na stesheni ya reli. Mwenye saiba alikuwa mama mpole wa Kiislamu, na chumba chake kilinukia udi na vumbi lililopashwa moto na kompyuta.

Siku za kazi mtandao ulikuwa na kasi. Jumamosi mji mzima uliuingia kwa pamoja, ukalemewa. Uso wa Mama ulikuja vipande vipande, kisha ukaganda mdomo wazi. Mimi nilifurahi ukiganda, kwa sababu nilikuwa simjui yule mwanamke. Nyanya akiniambia, "Msalimie mamako," nilijificha nyuma ya leso yake. Mama alitabasamu, halafu akaangalia chini.

Kuna Jumamosi moja tulifika tukakuta hakuna mtandao hata kidogo.

"Leo umelala, bibi," mwenye saiba alisema. "Lakini kaeni kitako, huenda ukaamka."

"Tutangoja," nyanya akajibu. "Asipotuona atafikiri nimeugua."

Tulikaa kwenye benchi la nje. Nyanya alifungua kimanga chetu, ndizi na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na mwenye saiba akatuletea viazi karai na ukwaju. Treni ya mizigo ilipita ikipiga honi mpaka ukuta ukatetemeka. Saa zilivyozidi kwenda, nyanya akaanza kunisimulia habari za Mama: jinsi alivyokwenda shule viatu mkononi ili visiishe, jinsi alivyokwea mpera na nguo ya kanisa, na sauti yake kwenye kwaya. Kisha akanisimulia asubuhi aliyoondoka.

"Alikuweka mgongoni kwangu, akafika barabarani. Akarudi kukunusa kichwa. Akaenda, akarudi tena. Nikamwambia, nenda mwanangu, gari litakuacha."

Nyanya alicheka, huku akifuta macho kwa pindo la leso.

Jua lilipoanza kupoa, mwenye saiba akatuita kwa sauti. "Bibi, njooni! Umeamka!"

Picha haikuja, ila sauti tu, tena ya kukatikakatika. Kabla nyanya hajasema neno, nilichukua visikizi, nikavivaa masikioni.

"Mama, ni kweli ulirudi kuninusa kichwa?"

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia akilia na kucheka kwa pamoja.

"Nani amekuambia?" akauliza.

Siku hiyo tuliongea mpaka mtandao ukatuacha njiani, na tangu hapo sikujificha tena. Mama alipokuja kurudi kabisa, nilikimbia kumlaki kabla hajashusha mizigo.

Sasa anafuga kuku Mbololo, na nyanya amelala kaburini pale chini ya boma. Saiba iligeuzwa duka la magodoro. Binti yangu humpigia Mama simu ya video kutoka popote, wakaonana mara moja, wakaagana mara moja. Nafurahi kwa ajili yao. Ila mtandao ungekuwa mzima Jumamosi ile, ningelazimishwa salamu, tungerudi nyumbani mapema, na huenda nyanya angeondoka duniani na habari zile. Nashukuru kwamba alikataa kurudi nyumbani, na kwamba hatukuwa na jambo lingine la kufanya isipokuwa kuongea.