Siku tulipoifunika televisheni blanketi Kakamega, tukausikia muziki wa sinema

Wakuu, mulembe kwenu nyote.

Nimeyafuata mabishano yenu kuhusu nani hasa anabeba hizi sinema kubwa za sehemu nyingi, director au yule anayetunga muziki wa okestra. Naona wengi mmesimama na director.

Mimi ni mzee, niliishia kidato cha nne na muziki sikusomea. Lakini bishano hilo hilo tulikuwa nalo Kakamega miaka ya tisini, na mimi ndiye niliyeongoza upande wa director. Nitawasimulia lilivyokwenda, hata pale linaponiaibisha.

Wakati huo nilikuwa mtafsiri katika ukumbi wa video nyuma ya soko. Vijana huenda hamuijui kazi hiyo.

Ukumbi ulikuwa wa mabati, mabenchi ndani, televisheni moja juu ya meza na deki ya kaseti chini yake. Sinema inazungumza Kiingereza, nami nimekaa kando na maikrofoni nikiwaeleza watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Nikiona wahusika wamenyamaza, naongeza maneno yangu. Watu waliniita Sauti, na jina hilo nililipenda kuliko nililobatizwa.

Ili Sauti asikike, volume ya televisheni ilibidi ishushwe mpaka karibu kuzimika. Kila ukumbi ulifanya hivyo. Hakuna aliyeona kuna kitu kimepotea.

Sinema tuliyoipenda ilikuwa ya sehemu tatu. Kuna kamanda mmoja kijana, na kuna jenerali wa jicho moja anayemwinda. Sehemu mbili za kwanza tulikuwa nazo, tumezionyesha mpaka mkanda umeanza kukwaruza. Ya tatu ilikuwa inakuja kwa kukodi kutoka Kisumu, Jumamosi moja tu halafu irudishwe. Habari ikatufikia kwamba director amebadilishwa.

Basi pale mlangoni, ambapo Mama Rispa mwenye ukumbi alituuzia chai, ikawa vita. Mimi nikasema sinema imekufa. Director ndiye kichwa, nikasema, wengine wote ni mikono.

Kulikuwa na jamaa mmoja wa Shinyalu, Zablon, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa. Alikuja kila Jumamosi kwa baiskeli. Akauliza taratibu, "Na mtunzi wa muziki, ni yule yule?"

"Muziki gani?" nikamwambia.

"Hilo ndilo swali langu. Muziki gani. Wewe unatunyimanga."

Watu wakacheka. Nami nikamwambia arudi kwa tarumbeta yake ya matanga, sinema atuachie wenyewe.

Hakukasirika. "Sauti, fahali akiletwa uwanjani kwetu, unamjua saa ngapi?"

"Nikimwona."

"Uongo, mwana wefwe, ndugu yangu. Unamjua akiwa bado nyuma ya mahindi."

Kwa wasiotoka kwetu: Shinyalu fahali hupiganishwa, na fahali haji kimya kimya kama anapelekwa kunywa maji. Huja na umati wake ukimwimbia, na ngoma za isukuti mbele. Ukizoea, ngoma zinakwambia ni fahali wa nani kabla hujaona pembe.

"Sasa huyo jenerali wako," Zablon akasema, "unadhani anaingianga bila wimbo?"

Akatoa changamoto. Sehemu ya pili iwekwe, televisheni ifunikwe, mimi ninyamaze. Ikiwa watu hawatajua jenerali anapokuja, hatabishana tena. Wakijua, basi sehemu ya tatu nisiiguse kwa maikrofoni, watu waisikie kama ilivyotengenezwa.

"Umekubali, Sauti, ama umeogopa?" Mama Rispa akauliza, huku anakwenda kuleta blanketi.

Nikakubali mbele ya wote. Nilijua atashindwa.

Ile spika kubwa ya maikrofoni yangu ikaunganishwa na deki. Blanketi likafunika kioo. Tukakaa, wapakuzi wa mizigo, wakata miwa, wauza mitumba, tunatazama blanketi. Mtu mmoja akasema nyuma, "Hii blanketi inaigiza vizuri," na kicheko kikazunguka.

Halafu muziki ukaingia.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Ulianzia chini, baragumu nzito, nyingi, zinapumua pamoja. Nilikuwa nimekaa kando ya sinema hiyo miezi na miezi, na sikujua zimo. Vinanda vikapanda juu yake kama mvua inavyotoka msituni Kakamega kuja mjini, unaisikia kwenye majani kabla haijakugusa. Mabati yakatetemeka. Hakuna aliyecheka tena.

Baadaye ukashuka, ikabaki ngoma moja na baragumu moja, polepole.

Mama Rispa, ambaye hata sinema zenyewe hakuwa akizitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Huyo anakuja."

Zablon akainua pembe ya blanketi. Mlango wa kambi ulikuwa unafunguka, na buti la jenerali ndilo lilikuwa linaingia.

Walimjua kila mara. Tena walijua na kamanda anapokaribia. Kuna mahali mama yake kamanda anafariki, na hapo wahusika hawasemi kitu. Mimi hapo nilikuwa na mzaha wangu kuhusu mazishi na kuku, na watu walikuwa wakiusubiri. Siku hiyo ilisikika fidla moja tu, nyembamba, inayumba kama inatafuta pa kukaa. Mkata miwa mmoja mkubwa akavua kofia. Nikatazama sakafu.

Mzaha wangu ulikuwa umekaa juu ya fidla ile siku zote.

Zablon hakunicheka. Alisema tu, "Basi tuonane sehemu ya tatu."

Kaseti ikaja Jumamosi iliyofuata. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye madirisha. Wengi hawakuwepo siku ya blanketi. Muziki ulipoanza, wakaanza kuita, "Sauti! Sauti yuko wapi?" Wachache wakawanyamazisha. Ningesema neno moja tu, "Subirini," wangesubiri. Waliniheshimu.

Lakini nilikuwa naona kitu kingine. Niliona kwamba wakisubiri mpaka mwisho, hawatanihitaji tena. Nikachukua maikrofoni, nikashusha volume, nikawasalimu. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Zablon aliinuka kutoka benchi la pili. Alipita mbele yangu, akachukua baiskeli yake.

Nilitafsiri sinema yote. Watu walisema sijawahi kuwa mzuri vile. Jumatatu kaseti ikarudi Kisumu.

Nilikaa na jambo hilo mpaka likanishinda, nikaenda Shinyalu siku ya fahali kumwomba msamaha. Nilikuwa bado njiani, katikati ya mahindi, niliposikia isukuti. Na juu ya isukuti, tarumbeta.

Ulikuwa wimbo wa jenerali.

Mtu mzima nikasimama nikashika bua la mahindi. Zablon alikuwa ameusikia mara moja tu, chini ya blanketi, akaubeba wote mpaka nyumbani. Vijana walikuwa wameuvalisha ngoma za kwetu, na fahali mweusi akawa anaufuata, kichwa chini, watu mamia wakiukimbilia bila kujua umetoka wapi. Okestra ya watu wale wote wa ng'ambo, na ilikuwa imetoshea kwenye njia ya shamba.

Waliponifikia, Zablon alishusha tarumbeta akafuta mdomo. Kabla sijasema nilichokwenda kusema, akaniuliza kwa hamu, kama mtu asiye na kinyongo.

"Sauti, wimbo wa sehemu ya tatu ukoje? Mimi nilitoka mapema."

Nilikuwa nimekaa kando ya sinema ile mwanzo hadi mwisho, na sikuusikia.

Basi wakuu, sisemi director si kitu. Ninachosema ni kwamba kuna kazi za watu tunazipigia kelele huku tukidhani tunazipamba, na anayepiga kelele ndiye wa kwanza kuzikosa.

Wa upande wa director, chukueni blanketi kwanza, kisha mje hapa tubishane. Na wa Kakamega mliokuwa mkikaa mabenchi yale, kama mnakumbuka tofauti, nirekebisheni. Safari hii nitanyamaza nisikilize.