Karibu Tule

Jirani yangu hapa Mkonze ni karani wa wizara huko Mtumba, mtu wa shati lililofungwa vifungo hadi kooni, anayeitikia salamu kama anagonga muhuri. Lakini jioni, akishasonga ugali na kupika mlenda, ile mboga ya kuteleza, hutandika mkeka nje, kando kabisa ya njia, na kila anayepita humwita kwa sauti ya harusini: "Karibu tule!" Sote hujibu, "Asante, endelea," tukapita, ndivyo tulivyolelewa.

Jana nilikuwa na njaa kweli, nikavua viatu nikaketi. Alinitazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe unakula mlenda!" Akainua sahani iliyofunikiwa kitu ubavuni mwake. Chini ya sahani hiyo palikuwa na bakuli la pili la mlenda, limepakuliwa zamani, limeshapoa.