Mkono Uliolegea Mbele ya Imbabura

Walisema sitajenga, nikajenga. Walisema duka la dawa za mifugo halitamaliza mwaka pale Gisenyi, Rwanda, likamaliza. Kuhusu binti yangu walisema pia, ila hapo walishusha sauti: "Huyo na diploma yake ya Tanzania, mtoto hatamponya."

Diploma yenyewe ilikuwa ukutani dukani, ndani ya fremu, juu kidogo ya dawa za kupe. Niliamini kwamba mtu aliyesomea magonjwa ya ng'ombe miaka mitatu hawezi kushindwa na mtoto wa miaka saba.

Kila jioni binti yangu aliwasha imbabura, jiko letu la makaa. Alipuliza, makaa yakashika, halafu mkono wake wa kulia ukalegea na maneno yakamkwama. Baada ya dakika chache alikuwa mzima. Nilimchunguza kitaalamu nikatoa jibu: uvivu. Nikamwambia apulize kwa nguvu zaidi.

Aliyenisahihisha ni mama wa Nyamyumba aliyetuuzia sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, mlangoni. Jioni moja alitua beseni, akamtazama mtoto.

"Muzee, huyu si muvivu. Akipuliza moto, mukono inakufa. Asipopuliza, mukono iko muzima."

"Mama, mimi nimesoma."

"Ndiyo, ulisoma ngombe. Huyu iko mutoto."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, na tangu siku ile akawasha jiko mwenyewe.

Hospitalini Kigali walitupatia dawa za kifafa, hazikusaidia. Nikarudi kulekule, nikamsimulia daktari mwingine habari ya moto, kama nilivyoisikia kwa yule mama, ila nikaisimulia kama yangu. Akainua kichwa, akatuandikia barua ya kwenda Nairobi.

Huko picha ilionyesha mishipa mikubwa ya damu kichwani inazibika, na vijishipa vyembamba vimeota kando yake, vinafanana na moshi. Ndiyo maana Wajapani waliuita ugonjwa huo moyamoya. Mtoto akipuliza au akilia sana, mishipa husinyaa na ubongo hukosa damu. Siku moja mkono ungelegea usirudi.

"Zamani tungekupa pole tu," alisema daktari. Sasa kulikuwa na upasuaji: wanachukua mshipa wa ngozi ya kichwa, wanaulaza juu ya ubongo, nao unachipua matawi wenyewe polepole. "Na hongera kwa kugundua habari ya kupuliza."

Nilipokea hongera hiyo bila aibu yoyote.

Fedha za upasuaji nilizikopa kwa watu watatu: jirani yangu mwanajeshi, mfanyabiashara mmoja wa Mahoko, na yule mama, ambaye noti zake zilinuka samaki mpaka Nairobi. Mtoto alirudi na kovu juu ya sikio, aspirini ya kila siku, na amri ya kutopuliza chochote, hata uji wa moto, mpaka daktari aruhusu. Nikafanya kazi kama punda, jambo ambalo wenye shaka hawakulizungumzia.

Jumapili ya kulipa niliwaita wote watatu kwa wakati mmoja, ili kila mmoja awe shahidi wa mwenzake. Nilivaa tai. Nikagawa bahasha, nikasimama na hotuba ya kurasa nne. Ukurasa wa pili ulieleza jinsi nilivyougundua ugonjwa. Nilikuwa nimesahau kwamba mgunduzi halisi nimemwalika mwenyewe.

"Wapo waliosema..." nilianza.

"Bon, muzee, walisema," alidakia yule mama. "Chai iko wapi? Moto imezimika."

Mke wangu akainuka. Binti akamtangulia. "Daktari ameshaniruhusu," alisema, na ni kweli, tulikuwa tumetoka kwake wiki ile.

Akainama, akapuliza. Mwanajeshi akaweka bahasha yake chini. Hakuna aliyetazama makaa. Sote tulitazama mkono. Akapuliza tena, mpaka yakawa mekundu, akabandika birika. Chai ilipochemka, alilishika birika kwa mkono uleule wa kulia, akammiminia kwanza mama wa sambaza.

Hakumwaga hata tone. Nikakunja hotuba, nikaitia mfukoni, nikasogeza kikombe changu.