Futari ya Nyumba ya Nyuma

Wengi wakisimulia umaskini wa utotoni husimulia njaa. Mimi njaa siikumbuki sana. Kwetu Nguvumali ukikosa hiki ulipata kile, na mama yangu alikuwa na akili ya kulifanya fungu moja la mchicha lionekane chakula cha watu. Ninachokikumbuka ni namna tulivyosalimiwa. Kuna salamu ya mtu na mwenzake, na kuna salamu ya mtu na maskini. Hii ya pili hutolewa kwa sauti ya chini, kichwa kimelazwa upande, kama anavyojuliwa hali mgonjwa. "Hamjambo lakini?" Mpaka leo, na nywele zimeshaanza kuwa nyeupe, mtu akinisalimia hivyo naona damu inanichemka, na huwa namjibu kwa mkato hata kama hana kosa.

Tulikaa nyumba ya nyuma. Mbele, ikitazama barabara, ilikuwa nyumba kubwa ya wenye duka la vitambaa. Yetu ilikuwa mgongoni kwake, ya udongo na bati lililoshika kutu, upenuni pamejaa vifuu vya nazi ambavyo mama alikuwa akipikia. Baba alifariki nikiwa sijajua hata kumwita. Mama alifua nguo za watu, na kukiwa na shughuli mtaani aliitwa kukuna nazi na kumenya vitunguu saumu. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi binti yake.

Mwenye ile nyumba kubwa sote tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mama mnene, mpole, mcha Mungu, anayenukia udi hata siku za kawaida. Naomba nieleweke: hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshammaliza kwa maneno mawili na nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

Sasa, kwetu Ramadhani ina ada yake. Alasiri ikishakwenda, kila jiko linatoa moshi, na kabla ya magharibi watoto hutoka na sahani zilizofunikwa kawa, hii inakwenda nyumba ile, ile inakuja nyumba hii. Kwenu kumepikwa mihogo ya nazi, kwa jirani kuna magimbi, kwa mwingine tambi, kwa hiyo ikiadhiniwa kila nyumba inakula mikono ya nyumba nne au tano. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Utaiosha, kisha kesho utatia chako ndani yake uirudishe. Kichochoro chetu saa ile kilinukia iliki na tui na moshi wa vifuu, na watoto tulikuwa tukitembea polepole kwa kuogopa kumwaga, tukigombezwa kutoka kila mlango. Nimekwenda miji mingi tangu hapo. Harufu ile sijaikuta tena, na kuna jioni za Ramadhani naitamani mpaka nakosa raha.

Sahani ya kwanza kutoka nyumba kubwa ilikuja kwetu. Kabla ya imamu, kabla ya mashoga zake Bi Mkubwa, kwetu. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Na ilikuwa sahani kweli: kuku, sambusa, mkate wa sinia, vitu ambavyo mimi nilivijua kwa kuvisikia. Mama alipokea kwa mikono miwili, na kesho yake akairudisha na alichonacho. Siku moja ndimu, siku nyingine bamia aliyoipanda nyuma ya choo, siku nyingine viazi vitamu vya kuchemsha.

Ramadhani moja Bi Mkubwa alikuja mwenyewe mpaka uani kwetu. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimwamkia shikamoo, akanishika kichwa, akamwambia mama kwa huruma ya kweli:

"Mwanangu, usijipe taabu ya kututilia vitu kwenye sahani. Irudishe vivyo hivyo tupu. Sie twataka thawabu tu."

Mama akasema, "Ahsante, Bi Mkubwa. Mola akujazi."

Alipoondoka mama hakuendelea kukuna. Alikaa pale pale juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi, akiitazama. Nilikuwa mtoto lakini nilielewa kitu, na nikikieleza kwa lugha ya leo ni hiki: nyumba nyingine zote zilikuwa majirani, sisi tulikuwa njia ya watu ya kwendea peponi. Na njia huipelekei wala haikuletei. Unaipita.

Mama hakuacha kutia kitu kwenye sahani. Aliendelea na ndimu zake na bamia zake, na kule walikuwa wakipokea na kusema jamani, huyu naye. Alichokitaka nilikijua, kwa sababu alikuwa akiniambia waziwazi tukiwa wawili. "Siku moja n'tampikia Bi Mkubwa kitu ale, ajue." Ajue nini, nilimuuliza. "Ajue tu."

Ajue kwamba anapika. Mama alikulia kijijini Mkwaja, na kule, kabla hajaolewa mjini, alikuwa binti anayeitwa kwenye shughuli kushika upawa. Wenye kujua shughuli wanajua maana yake. Kwenye harusi zetu kina mama ishirini wanaweza kuwa jikoni, mmoja anamenya, mwingine anachambua mchele, mwingine anakoka moto, lakini upawa unashikwa na mtu mmoja au wawili, na huo ni ukubwa. Nguvumali mama hakupewa upawa hata mara moja. Hakuna aliyesema sisi ni wachafu. Waliuliza tu maji tunachota wapi. Hakuna aliyesema maskini hajui kupika. Walisema tu, kwa kumhurumia, "Wewe pumzika, kaa kwenye nazi."

Basi katika kumi la mwisho la mwezi, mjomba akaja kutoka Mkwaja amepanda lori la mkaa, na kapu la nazi na mihogo, na pweza wakavu wameviringishwa kwenye gunia. Sijapata kumwona mama amechangamka vile. Pweza aliwaloweka usiku kucha. Asubuhi akawachemsha kwa kuni za mkorosho alizoziomba, si vifuu, maana vifuu moto wake una haraka. Nazi alizikuna mwenyewe, akakamua tui la kwanza akaliweka kando kama dawa. Mwisho akachukua embe mbichi, akaikwangua nyuzi nyuzi, akatia. Hiyo embe ni ya watu wa Mkwaja. Nguvumali nzima hakuna aliyekuwa akitia embe mbichi kwenye pweza, wengine hutia ndimu au ukwaju. Harufu ikatoka. Nilikuwa nimefunga nusu siku kama wafungavyo watoto, lakini siku ile niliona nusu siku ni ndefu kuliko mwezi.

Minofu yote akaitia kwenye sahani ya Bi Mkubwa. Sisi tukabakiziwa ncha na mchuzi. Akafunika kawa, akanifunga mtandio vizuri, akaniambia, "Mwambie Bi Mkubwa mama anasema aonje."

Mlango wa jikoni wa nyumba kubwa alinifungulia binti yake, msichana aliyeshavunja ungo, amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka. Nyuma yake meza ilijaa sahani za watu, kawa juu ya kawa. Nikafikisha maneno yangu yote. Akasema, "Haya, mwambie ahsante, Mola awazidishie," akaiweka mwisho wa meza.

Nyumbani mama alinidaka mlangoni. "Kapokea mwenyewe?" Nikasema binti yake. "Kafunua?" Nikasema hajafunua. "Kasemaje?" Nikamwambia. Akaniuliza tena, na baada ya kufuturu akaniuliza mara nyingine, kana kwamba nilisahau kipande cha maneno njiani. Jioni ile alikaa upande wa ukuta wao akisikiliza. Sauti za watu wakila zilikuwa zikija, kicheko, vijiko, mtu anaitisha maji. Alisikiliza kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kesho yake, jua likiwa linatua, sahani yao ikaletwa kwetu kama kawaida. Mama akafunua kawa. Kulikuwa na wali mweupe, na pembeni ya wali pweza, amepashwa moto tena, tui limekatika kidogo, na ndani yake nyuzi za embe mbichi.

Alifunika. Ikaadhiniwa. Akanywa maji, akala tende, akaswali, akarudi, akafunua tena kama anayedhani pengine aliona vibaya. Kisha akanigawia.

"Mama, mbona hiki ni kile cha—"

"Kula, mwanangu. Kimepikwa vizuri."

Na yeye akala. Akaiosha sahani, na asubuhi yake akairudisha tupu. Hakutia tena ndimu wala bamia, Ramadhani ile na zilizofuata, na kule nyumba kubwa nadhani walifurahi kwamba hatimaye amesikia.

Nilipokua nilielewa ilivyokuwa. Nyumba inayoletewa sahani kumi na tano haiwezi kula zote. Zinazobaki hawazitupi, kutupa chakula ni uovu, huwapelekea wahitaji. Mtu mmoja pale jikoni, katika pirikapirika za futari, aliona sahani ya pweza haijaguswa, akamkumbuka maskini wa nyuma. Ndivyo tu. Wala hakujua, hata haikumpitikia akilini, kwamba kwenye meza ile ya majirani kulikuwa na sahani iliyotoka kwetu. Hakuna aliyetukusudia ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana sina wa kumgombeza.

Nikasoma, nikapata kazi, nikajenga nje kidogo ya mji. Nyumba yenyewe si ya kutisha, lakini ina bati la kisasa, la msauzi, na geti, na kwa macho ya watu hayo yanatosha. Nikamchukua mama. Ramadhani ya kwanza akapika pweza wake na embe yake mbichi, akatuma kwa majirani wapya. Simu zikaanza kabla hatujaswali. Mama, mkono huu umetoka wapi? Mama, ni embe hii? Shangazi mmoja wa mtaa ule akaleta binti yake aje afundishwe. Mwaka uliofuata palipokuwa na harusi, mama akafuatwa na gari, akapewa upawa.

Nilimtazama nikitegemea kumwona amefurahi. Alikuwa akicheka, anawajibu watu kwa maneno mazuri. Tulipobaki wawili akaniambia, "Hawa wanakula geti lako." Nikamwambia mama, acha hayo. Akasema, "Mie nishaacha. Nakwambia tu."

Na mimi nikajikuta usiku ule natamani kitu cha ajabu. Natamani nyumba ile ya nyuma, bati lenye kutu, mama akiwa kijana juu ya mbuzi, moshi wa vifuu unatutoa machozi, tuwe vile vile hatuna kitu, ila mlango ule wa jikoni ufunguliwe, mtu aipokee sahani yetu, akae chini, anawe, ale. Pesa za nyumba hii ningezitoa zote. Lakini haziendi huko.

Mwaka huu Bi Mkubwa akafariki. Mama alisikia kwa watu, akaniomba nimpeleke kuhani msibani. Nguvumali nilikuta kichochoro kimejaa pikipiki, na mahali ilipokuwa nyumba yetu pamejengwa vyumba vya kupangisha. Ndani kina mama walijaa kwenye mikeka. Wakamsogezea mama nafasi ya juu, karibu na wafiwa, wakamletea mto wa kuegemea. Binti wa Bi Mkubwa, yule wa jikoni, sasa ni mama mtu mzima na miwani, akamkumbatia akalia sana begani kwake.

"Mama alikuwa akikutaja mpaka siku za mwisho," akamwambia, na wenzake wote wakisikia. "Alikuwa akisema, katika maskini wote niliowalisha sijaona mwenye adabu kama yule jirani wa nyuma. Hakumtia mtu taabu. Ukimpelekea, anakula, anashukuru."

Kina mama wakaitikia, maashallah. Nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni, nikawa tayari kusema neno ambalo lisingefaa matangani. Mama akanigusa goti. "Mola amrehemu," akasema. "Alitulisha, si uongo." Sinia ya pilau ikaletwa, akala nao, akaomba dua nao, hakutoa chozi.

Tukaingia garini. Nikawasha, tukatoka kichochoroni, tukashika barabara kubwa. Ndipo aliponiambia, huku akitazama nje kwenye maduka:

"Mwanangu, tumekaa ukuta kwa ukuta na Bi Mkubwa. Mie najua chumvi yake. Nilikuwa nikionja tu najua leo kapika ana raha au leo kagombana na mumewe. Yeye kafa hajui mkono wangu ulivyo."

Kisha akaanza kulia, akajifunika uso kwa mtandio, na hakunyamaza mpaka nyumbani.